Mitambo ya Kuazima: Tarehe ya Injini za Ndege Zilizoundwa Majumbani

Watu wanapohadithiana tarehe ya usafiri wa anga, aghalabu husifu mabawa na ushujaa wa marubani, wakaisahau injini. Ilhali mtu aliyechunguza kwa makini habari za wale waliounda ndege zao kwa mikono yao wenyewe, katika mabanda ya nyuma ya nyumba na karakana za vijijini, atakiri kwamba mabawa hayakuwa mashaka yao makubwa. Mbao zilipatikana, kitambaa kilipatikana, gundi na nyaya vilipatikana, na mwenye subira aliweza kuviunganisha jioni baada ya jioni mpaka umbo la ndege likatimia. Lakini injini haikuchongeka kwa randa wala haikushoneka kwa sindano, na ile iliyotengenezwa viwandani mahsusi kwa ajili ya ndege mara nyingi bei yake ilipita thamani ya vyote vingine vilivyokwisha kuundwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo wa sanaa hii, mafundi wa nyumbani walilazimika kuazima: waliazima injini za motakaa na za pikipiki, za mitambo ya kufua umeme na za magari yatambaayo juu ya theluji, wakaziondoa katika kazi zilizoundiwa wakazipeleka hewani.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na katika habari hizi yamo mengi ya kuwathibitisha. Walakini yamo pia mengi ya kuonyesha kwamba nguo hiyo ikifumuliwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mvaaji, husitiri vyema. Tofauti baina ya waliofaulu na waliohasirika haikuwa bahati peke yake, bali ilikuwa swali moja ambalo baadhi yao walilikumbuka na wengine wakalipuuza, nalo ni hili: mtambo huu, kabla haujawa wangu, uliundwa ufanye kazi gani?

Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, walikutwa na shida hiyo mapema kabisa. Waliandikia viwanda vya injini wakitaka mtambo mwepesi wenye nguvu za kutosha, wasipate hata kiwanda kimoja cha kuwaridhisha. Basi wakamgeukia fundi wa duka lao, Charlie Taylor, naye kwa muda wa wiki sita hivi akaunda injini ya silinda nne, yenye mwili wa aluminiamu ya kusubu, uzito wake ratli 180 hivi, yaani kilo 80 na ushei, na nguvu zake nguvu-farasi 12. Haikuwa na kabureta ya namna tuijuayo leo. Petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tangi dogo lililofungwa juu, ikageuka mvuke kwa joto la mtambo, na nguvu zilizopatikana zikapelekwa kwenye rafadha mbili kwa minyororo ya mfano wa ile ya baiskeli. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, injini hiyo iliinua ndege kwa sekunde 12, na katika safari ya nne ya siku hiyo hiyo ikaiweka hewani kwa sekunde 59. Ni haki basi kusema kwamba ndege hiyo mashuhuri ilikuwa ndege ya nyumbani, na kwamba injini yake ilikuwa ya majaribio.

Huko Ulaya mambo hayakuwa mbali na hayo. Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alibebwa na injini ya silinda tatu yenye nguvu-farasi 25, kazi ya Alessandro Anzani, Mwitalia aliyejipatia sifa kwa injini za pikipiki kabla ya kugeukia anga. Naye Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekaa Paris, alipounda kile kindege chake kidogo kilichoitwa Demoiselle, hakudai hakimiliki yoyote, bali aliruhusu michoro yake itangazwe ili kila atakaye aige. Ukarimu huo ulikuwa mwanzo wa desturi ambayo mafundi wa nyumbani wameifuata mpaka leo: anayevumbua huwaonyesha wengine.

Hata hivyo, mtu ambaye jina lake linastahili kutajwa kwa taadhima kuliko wengi katika habari za injini ya kuazima ni Bernard Pietenpol, aliyezaliwa mwaka 1901 akaishi katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, kijiji cha wakulima kilichozungukwa na mashamba. Hakupitia chuo cha uhandisi. Alikuwa fundi aliyejifundisha kwa kutazama na kufungua na kufunga. Alianza na injini ya Ford ya namna ya T, akaona nguvu zake haba. Kisha kiwanda cha Ford kilipoleta gari la namna ya A mwishoni mwa 1927, alitambua kwamba mbele yake umewekwa mtambo uliokuwa ukimfaa. Ulikuwa na silinda nne zenye ujazo wa lita 3.3, ukatoa nguvu-farasi 40 kwa mizunguko 2,200 tu kwa dakika, na spea zake zilipatikana katika kila mji uliokuwa na duka la Ford.

Inafaa tutue hapa tuitazame kazi yake kwa karibu, kwa kuwa ndani yake imo elimu yote ya somo hili. Injini ya Ford ilikuwa nzito kwa mizani ya ndege, tena ilihitaji maji ya kuipoza. Hayo ni madhara mawili ambayo mtu mwingine angeyaona akaiacha. Pietenpol aliona upande wa pili: mtambo uzungukao polepole unaweza kufungwa rafadha kubwa ya mbao moja kwa moja bila gia yoyote katikati, na rafadha kubwa izungukayo polepole huvuta hewa vizuri. Basi akaondoa giaboksi na vyote vilivyohusu barabara, akatia magneto mahali pa mfumo wa kuwashia wa gari ili moto wa plagi usitegemee betri, akarekebisha upitaji wa oili, na rejeta ya maji akaisimamisha juu ya mtambo, mbele kabisa ya macho ya abiria na rubani, ambapo iliziba sehemu ya upeo wao lakini ikapata upepo wa kutosha. Mbawa ndefu alizibuni zibebe uzito huo bila kulalamika. Mwaka 1929 ndege hiyo, aliyoiita Air Camper, iliruka kwa injini ya gari ambayo kila mkulima wa jirani aliijua kwa sauti.

Wakati huo palikuwa na jarida la mafundi lililokuwa likisomwa sana Marekani, Modern Mechanics, na mhariri wake, Weston Farmer, alikuwa haamini kwamba injini ya gari ingeweza kuruka kwa usalama. Pietenpol hakumjibu kwa hoja za karatasi. Mwaka 1930 yeye na mwenzake waliruka kwa ndege mbili zenye injini za Ford mpaka uwanja wa karibu na Minneapolis, wakamwonyesha. Na Farmer, kwa insafu inayostahili kusifiwa, akageuka kuwa mtetezi wao, hata michoro ya Air Camper ikachapishwa katika kitabu cha mwongozo cha Flying and Glider Manual cha mwaka 1932. Dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa iktisadi, viwanda vikifungwa na watu wakikosa ajira, na bado vijana wa mashambani wakasoma michoro ile wakaanza kukusanya mbao. Maana iliwapa jambo ambalo matajiri wa anga hawakuwapa, nalo ni injini waliyoweza kuinunua, kuielewa na kuitengeneza.

Huko Ufaransa, karibu na wakati huo huo, Henri Mignet aliwasha moto wa namna nyingine. Ndege yake ndogo HM.14, iliyojulikana kwa jina la Pou-du-Ciel, iliruka mara ya kwanza Septemba 1933 kwa injini ya Aubier et Dunne yenye nguvu-farasi 17, mtambo wa mapigo mawili wa jamii ya pikipiki. Na kitabu chake cha mwaka 1934 kiliwaeleza watu wa kawaida namna ya kuiunda katika vyumba vyao. Waingereza walipoiona wakaifungia kila walichokuwa nacho: injini za pikipiki za Scott, na injini ya Carden-Ford iliyotokana na gari dogo la Ford, kazi ya Sir John Carden. Kwa bahati mbaya umbo la mabawa yake lilikuwa na aibu iliyofichika, kwa kuwa katika hali fulani za kuinamisha pua ndege ilikataa kunyanyuka tena, na baada ya vifo kadhaa na majaribio katika vyumba vya upepo vya Uingereza na Ufaransa, serikali zikaipiga marufuku. Kosa halikuwa la injini, lakini adhabu iliwaangukia wote, kwa kuwa wakubwa wa sharia za anga walianza kumwona kila fundi wa nyumbani kuwa mtu wa hatari.

Kabla ya kuendelea mbele hatuna budi kueleza kwa nini injini ya gari na injini ya ndege, ijapokuwa zote mbili zina pistoni na plagi na hunywa petroli, si kitu kimoja. Injini ya gari huishi maisha ya raha: hunguruma kidogo katika kupanda mlima au kupita lori, kisha hupumzika, na katika barabara ya tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ilizopewa. Injini ya ndege hutakiwa itoe nguvu zake zote tangu ndege inapoanza kukimbia uwanjani, kisha iendelee kutoa robo tatu za nguvu hizo kwa saa nzima, saa mbili, saa tatu, bila kuomba ruhusa ya kupoa. Fauka ya hayo, gari likizimika dereva hulisukuma kando ya njia, ilhali ndege ikizimika rubani ana urefu wa mbingu ulio chini yake tu wa kufanyia shauri. Ndiyo maana injini za ndege kama zile za viwanda vya Continental na Lycoming hupewa magneto mbili na kila silinda plagi mbili, ili mfumo mmoja ukifa wa pili uendelee.

Kisha kuna krankishafti, ule mhimili unaopokea msukumo wa pistoni na kuugeuza kuwa mzunguko. Ndani ya gari mhimili huo umezoea kusokotwa, basi. Ukifungiwa rafadha, hupewa mzigo ambao waliouchora hawakuuwaza, maana rafadha izungukayo haitaki kugeuzwa upande, na kila mara rubani anapoipinda ndege kwa ghafula, rafadha huupinda mhimili kule mbele ulikofungwa. Upindaji huo ukirudiwa mara maelfu kwa maelfu, chuma huanza ufa mdogo usioonekana kwa macho, na ufa huo hukua kimya kimya mpaka siku ya kukatika. Wengi walioharibikiwa na injini za kuazima hawakuharibikiwa na moto wala mafuta, bali na mhimili huu. Na waliokuja baada yao walijifunza kuutia mhimili ugumu wa juu kwa joto na gesi, au kuuongezea bearingi ya ziada karibu na rafadha ibebe ule mzigo wa kupindwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulienea mtambo ambao mtu angedhani ulizaliwa kwa ajili ya anga. Injini ya Volkswagen, iliyobuniwa katika ofisi ya Ferdinand Porsche, ilikuwa na silinda nne zilizolala mbili kuume na mbili kushoto, ilipozwa kwa hewa bila tone la maji, na watu wawili waliweza kuibeba. Wazee wetu wa Afrika Mashariki wanalikumbuka lile gari lake dogo la mgongo wa duara, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 katika matope na vumbi lililoyashinda magari makubwa kuliko lenyewe. Na sifa ile ile iliyolitukuza katika barabara zetu, ya kwamba halikuwa na rejeta ya kutokota wala mpira wa maji wa kupasuka, ndiyo iliyowavutia waundaji wa ndege wa Ulaya. Mfaransa Roger Druine alibuni Turbulent, kindege cha mbao cha mtu mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikabebwa na injini hiyo; kampuni ya Rollason ya Croydon, Uingereza, ikakiunda kwa leseni na kuitayarisha injini yenyewe kwa jina la Ardem; kule Ubelgiji Ernest Oscar Tips akaleta Nipper mwaka 1957; na Wajerumani wa Limbach wakaistawisha mpaka ikapata hati rasmi za anga na kufungwa katika ndege nyingi za kuelea hewani zenye injini.

Huko Marekani nako mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa kwa njia ya sharia. Katika miaka baada ya vita serikali iliweka daraja mahsusi la ndege za majaribio zilizoundwa na raia wenyewe, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mtu kwa ajili ya elimu au burudani yake; na mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake wa mji wa Milwaukee waliasisi chama cha waundaji, Experimental Aircraft Association, ambacho mkutano wake wa kila mwaka, unaofanyika Oshkosh tangu 1970, umekuwa makutano makubwa ya mafundi wa aina hii. Sharia hiyo ilikuwa na hekima ambayo mimi naiona kuwa kiini cha mafanikio yote yaliyofuata. Haikumkataza mtu kufunga injini ya gari. Ilisema tu kwamba ndege yenye injini na rafadha zilizokwisha kuthibitishwa pamoja itaruka peke yake kwa majaribio kwa saa 25 kabla ya kubeba abiria, na ile yenye mtambo usiothibitishwa saa 40, katika eneo lililowekewa mipaka. Uhuru ukatolewa, na gharama yake ikatajwa kwa saa.

Chini ya kivuli cha sharia hiyo yalistawi mambo mengi. John Monnett aliirusha Sonerai yake mwaka 1971 kwa injini ya Volkswagen, ikawa ndege ya mashindano ya watu wa kipato cha kadiri. Ken Rand naye akaja na KR-1 mwaka 1972, iliyotumia mtambo huo huo. Pietenpol mwenyewe, aliyekwisha kuwa mtu mzima, hakubaki na Ford yake ya zamani. Kiwanda cha Chevrolet kilipoleta gari la Corvair, lililoundwa tangu 1959 mpaka 1969, lenye injini ya silinda sita zilizolala na kupozwa kwa hewa, aliichukua katika miaka hiyo ya 1960 akaifunga katika Air Camper. Gari hilo lilishutumiwa sana kwa hatari zake barabarani, hususan katika kitabu cha Ralph Nader cha mwaka 1965, likatoweka sokoni. Injini yake ikaendelea kupata heshima hewani kwa miongo mingi baadaye. Mtu yule yule, katika kijiji kile kile, alikuwa amelijibu swali lile mara mbili, kila mara kwa mtambo wa zama zake.

Wako pia waliolipuuza, na hasara zao ni funzo. Mwaka 1971 Jim Bede aliirusha BD-5, kindege chembamba cha mtu mmoja kilichokuwa na rafadha nyuma, chenye sura ya kupendeza kupita kiasi. Watu zaidi ya 5,000 waliagiza vifurushi vya kukiunda. Umbo lilikuwa tayari, nyundo zilikuwa mikononi, lakini injini haikuwapo. Zilijaribiwa injini za mapigo mawili za jamii ya magari ya theluji. Kisha ikachaguliwa injini ya Hirth ya Ujerumani, na kiwanda chake kikafilisika katikati ya shughuli. Kisha ikatafutwa nyingine ya Xenoah kutoka Japani. Miaka ikapita, wanunuzi wakiwa na mabawa na viti na vioo bila mtambo wa kuvibeba, hata kampuni ya Bede yenyewe ikafilisika mwaka 1979. Katika maelfu yale ni mia chache tu zilizowahi kuruka. Ndege iliyobuniwa kwanza na kutafutiwa injini baadaye ilikuwa imejengwa juu ya tumaini.

Kinyume cha hayo ni kisa cha Tom Jewett na Gene Sheehan. Hawa walianza na injini: walitafuta mpaka wakapata mtambo wa Onan wa silinda mbili na nguvu-farasi 18, uliokuwa ukizungusha jenereta za umeme, mtambo mdogo wenye sifa moja tu ya maana, ya kwamba ulizoea kufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo kwa mzigo usiobadilika. Sifa hiyo ndiyo inayotakiwa hewani. Baada ya hapo walimwendea mbunifu Burt Rutan ili abuni ndege ya kuutosha mtambo huo, na mwezi wa Novemba 1977 ikaruka Quickie, iliyokwenda zaidi ya maili 100 kwa saa kwa nguvu ambazo wengine hawangezitumainia kusukuma mashua. Rutan alikuwa na tajiriba yake pia: VariEze yake ya kwanza, iliyoruka Mei 1975, ilibebwa na injini ya Volkswagen, na ndugu yake Dick Rutan akaitumia huko Oshkosh kuweka rekodi ya dunia ya masafa ya maili 1,638 kwa ndege za uzito wake, baada ya jaribio la awali kuharibiwa na hitilafu ya mtambo. Alipoandaa michoro ya kuwauzia watu, aliiacha Volkswagen akachagua injini ya Continental iliyoundwa kwa ajili ya ndege. Rekodi hakuikataa, lakini hakutaka kuwauzia watu hitilafu ile.

Magari yalipozidi kuwa ya kisasa, injini zake zilizidi kuwa ndogo na nyepesi, na nguvu zake zikahamia katika mizunguko ya kasi. Hapo likazuka tatizo ambalo Ford ya Pietenpol haikulijua. Ncha ya rafadha yenye kipenyo cha mita 1.8 ikizungushwa mara 2,700 kwa dakika hukimbia mita 254 kwa sekunde. Ikizungushwa mara 5,000, ncha hiyo ingepita mita 470 kwa sekunde, na sauti yenyewe hewani haiendi zaidi ya mita 340 hivi. Rafadha ipitayo kasi ya sauti hupiga kelele kubwa na kupoteza nguvu bila kuvuta. Kwa hiyo waliotumia injini za Subaru, zilizopendwa sana kwa silinda zake nne zilizolala, na wale waliochukua injini za Mazda zizungukazo bila pistoni, kwa kufuata uvumbuzi wa Mjerumani Felix Wankel, walilazimika kuweka gia au ukanda baina ya mtambo na rafadha ili kupunguza kasi. Na gia hizo zikaleta mtetemo wa kusokota ambao, usipohesabiwa kwa makini, huvunja meno na mihimili. Injini ya Wankel ilikuwa na fadhila kubwa za ulaini na uchache wa sehemu za kuvunjika, walakini moshi wake ulitoka na joto kali lililoziunguza bomba, na kiu yake ya petroli ilikuwa kubwa. Wachache waliomudu joto hilo walipata mtambo wa kutegemewa. Hata wajenzi wa ndege za kuelea wa Alexander Schleicher, Ujerumani, wamefunga injini ya jamii hiyo katika ASH 26 E.

Wakati huo huo, katika mji wa Gunskirchen, Austria, kiwanda cha Rotax kilikuwa kikiona injini zake za magari ya theluji zikinunuliwa na watu wasiokuwa na theluji wala gari la theluji, bali mabawa ya kitambaa na mabomba ya aluminiamu. Injini za mapigo mawili zilikuwa nyepesi na rahisi, lakini zilikuwa na tabia ya kukwama ghafula zikipata joto, na kiwanda chenyewe kiliwaonya marubani kwa maandishi kwamba zinaweza kuzimika wakati wowote. Badala ya kuwafukuza wateja wale, Rotax ilijifunza kwao, na mwaka 1989 ikaleta injini ya 912 ya mapigo manne, yenye nguvu-farasi 80, vichwa vya silinda vikipozwa kwa maji na silinda zenyewe kwa hewa, mifumo miwili ya kuwashia, na giaboksi iliyobuniwa pamoja na mtambo wenyewe. Leo injini hiyo na ndugu zake zimo katika ndege nyepesi za kila bara. Mafundi walioazima kwa muda wa miaka mingi walikuwa wamewafundisha wenye viwanda ni mtambo gani uliokuwa ukihitajiwa.

Sasa umekuja wakati wa umeme, na umeme nao una tarehe yake ndefu kuliko wengi wadhanivyo. Tarehe 21 Oktoba 1973, huko Austria, Heino Brditschka aliirusha ndege ya kuelea iliyobadilishwa kwa mawazo ya Fred Militky, ikibebwa na mota ya umeme na betri za nikeli na kadimiamu, ikakaa hewani kwa dakika kadhaa. Na mwaka 2008 Mmarekani Randall Fishman alifika Oshkosh na ndege ya nyumbani aliyoibadilisha iende kwa betri za lithiamu. Mota ya umeme inatimiza karibu kila jambo ambalo Pietenpol angelitamani: haitetemi, haina valvu wala kabureta, hugeuza karibu nguvu zote za betri kuwa mzunguko, na inaweza kuzungusha rafadha polepole bila gia. Kasoro yake ni moja na ni nzito. Kilo moja ya petroli ina nishati ya zaidi ya kilowati-saa 12, na kilo moja ya betri nzuri za lithiamu za sasa ina karibu robo ya kilowati-saa moja. Ijapokuwa injini ya petroli hupoteza zaidi ya theluthi mbili za nishati hiyo kwa joto, tofauti iliyobaki bado ni kubwa, na ndiyo sababu ndege za umeme za nyumbani huruka kwa dakika nyingi na si kwa saa nyingi.

Hata katika nchi zetu za Afrika Mashariki magazeti yameripoti mara kwa mara habari za mafundi, aghalabu wasiokuwa na shahada wala mfadhili, waliojaribu kuunda ndege au helikopta kwa injini za magari na za pikipiki. Na baadhi ya wasomaji wamewacheka, na wengine wamewasifu kana kwamba wamekwisha kushinda. Yote mawili si insafu. Kinachowapasa ni kile walichopewa wenzao wa Minnesota na Milwaukee: jarida litakalochapisha michoro yao ili wengine waikosoe, chama kitakachowakutanisha wasirudie kila mmoja makosa ya mwenzake, na sharia isiyowafungia mlango wala kuwaachia mlango wazi bila bawabu, bali iwaamuru wafunge mtambo ardhini kwanza, wauendeshe kwa nguvu zote kwa saa nyingi, wafungue, watazame mhimili na valvu na bearingi, waandike walichokiona, kisha waruke peke yao mbali na nyumba za watu mpaka saa zilizowekwa zitimie. Charlie Taylor hakuwa na kipaji kisichopatikana Nyeri au Mbeya. Alikuwa na benchi la kazi, mashine ya kukerezea vyuma, na waajiri wawili walioandika kila kipimo. Vitu hivyo vitatu si ghali, na nchi itakayoviweka mikononi mwa mafundi wake haitakuwa na sababu ya kushangaa watakapofaulu.